Maumivu ni Mlinzi: Askari Asimnyamazishe Kabla ya Kumsikiliza

Katika maisha ya askari hakuna neno linalotamkwa mara nyingi kuliko neno "vumilia". Kuruta hulisikia alfajiri ya siku ya kwanza anaponyolewa nywele. Hulisikia katika kwata jua likiwa la utosi. Hulisikia tena katika matembezi ya usiku buti zikiwa zimekwisha kumchubua visigino. Nasi tulifunzwa neno hilo katika shule ya makadeti, na tulipovishwa nyota begani tukawafunza wengine. Hatulijutii. Jeshi lisilo na uvumilivu ni kundi la watu waliovaa sare tu. Lakini ipo siku moja katika utumishi wetu ambapo neno hilo nusura litupotezee kijana wa watu, na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wenzetu wa jeshi na wa polisi, tumeona ni wajibu wetu kuisimulia siku hiyo bila ya kuipamba.

KIJANA ALIYENYAMAZA

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kikosi kidogo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kando ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Asiyepajua mahali hapo na ajue kwamba Nakivale ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi katika Afrika nzima. Yalianzishwa mwaka 1958, kabla Uganda haijapata uhuru wake, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Hivi leo wamo humo watu zaidi ya 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kuna ziwa, kuna mashamba ya mahindi na maharage, kuna vilima vyenye malisho ya ng'ombe wa pembe ndefu, na kuna barabara ya udongo mwekundu ambayo wakati wa kiangazi huwa vumbi na wakati wa masika huwa tope. Kutoka huko hadi mjini Mbarara, kwenye hospitali kubwa ya rufaa, ni mwendo wa kilomita 60 hivi.

Asubuhi moja askari wetu mmoja, kijana asiyetimiza miaka 25, aliiacha chai yake ikapoa. Alipoulizwa alisema tumbo linamsumbua kidogo karibu na kitovu. Tulidhani ni chakula cha jana. Adhuhuri alitapika nyuma ya hema akidhani hatumwoni. Alasiri tulimwona akitembea ameinama, mkono wa kulia umeshika ubavu wa chini upande huohuo, naye akasema maumivu yamehama kutoka kitovuni na kukaa pale. Hapo ndipo sisi, tuliokuwa na dhamana ya roho yake, tulipomwambia ajikaze, kwani doria ilikuwa imebakiza siku moja tu.

Usiku ukaingia. Mnamo saa 4 kijana akatuambia kwamba maumivu yamepungua sana. Akatabasamu, akajinyoosha, akalala. Tuliwaambia wenzake kwamba hayo ndiyo matunda ya uvumilivu. Tulifurahi.

Kulipopambazuka tulimkuta amelala chali bila kujitikisa, mwili unachemka, midomo imekauka, pumzi fupifupi. Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akipita kwenda kuteka maji, ambaye kwao alikuwa mkunga, aliomba ruhusa amtazame. Alimgusa tumbo mara moja tu kwa ncha za vidole, akatugeukia akatuambia kwamba tumbo hilo limekuwa ubao na kwamba tusingoje hata chai ichemke. Tukamtii. Njia nzima ya kwenda Mbarara, kila gari lilipotumbukia shimoni kijana aliuma meno, na hakuwahi kulia.

Alipasuliwa siku ileile. Alipona, ingawa alikaa wodini majuma mengi kuliko yale ambayo angekaa kama tungalimpeleka jana yake. Daktari aliyempasua alitueleza jambo ambalo hatujalisahau: ile nafuu tuliyoishangilia usiku ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe.

KWA NINI NAFUU ILIKUWA HATARI

Kidole tumbo ni kipande kidogo cha utumbo kilichoziba mwishoni, kimening'inia upande wa kulia chini ya tumbo. Njia yake ikizibwa, huvimba na kujaa usaha. Mara ya kwanza mwili hauwezi kusema ni wapi hasa, ndiyo maana mtu huhisi maumivu karibu na kitovu. Uvimbe ukifika kwenye ngozi laini inayolizunguka tumbo kwa ndani, maumivu huhamia mahali pake halisi, chini upande wa kulia. Kidole hicho kikipasuka, ule mbano hulegea na mgonjwa huona nafuu kwa saa chache. Lakini usaha umekwisha kumwagika tumboni. Baadaye maumivu hurudi yakiwa yameenea tumbo zima, na tumbo hukakamaa.

Maradhi haya hayaheshimu cheo wala mahali. Mwishoni mwa mwezi Aprili mwaka 1961, katika kituo cha Novolazarevskaya kwenye barafu ya Antaktika, daktari wa Kirusi aitwaye Leonid Rogozov, mwenye umri wa miaka 27, alishikwa na maumivu hayohayo. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa pekee kituoni, na hakuna ndege iliyoweza kutua katika dhoruba ile. Alizisoma dalili zake mwenyewe, akatambua kwamba kungoja ni kufa, na usiku wa tarehe 30 Aprili akajipasua kwa mkono wake, huku wenzake wasio matabibu wakimshikia kioo na kumpa vyombo. Kazi hiyo ilichukua karibu saa 2. Baada ya wiki 2 hivi alikuwa amerudi kazini. Watu humsifu kwa ushujaa wa kujikata. Sisi tunamsifu kwanza kwa jambo lililotangulia: hakujidanganya juu ya maumivu yake.

Nasi tungependa askari wayatazame maumivu kwa jicho hilo. Maumivu ni mlinzi aliyewekwa lindoni na Muumba. Mlinzi anaweza kufyatua risasi kwa sababu ya mbwa aliyepita, na aghalabu ndivyo ilivyo: misuli imechoka, usingizi haukutosha, buti limebana. Lakini hakuna kamanda mwenye akili anayesikia mlio wa risasi lindoni kisha akajifunika blanketi bila ya kuuliza kuna nini.

MASWALI MATANO

Basi na tuulize. Maswali yenyewe ni matano, na askari yeyote anaweza kuyashika kwa moyo kama anavyoshika namba ya bunduki yake.

La kwanza: yalianzaje? Maumivu yaliyokuja ghafla na kufikia ukali wake wote kwa dakika chache yanatisha kuliko yale yaliyokuja polepole kwa siku nyingi. La pili: yako wapi, na je, yamehama? La tatu: yanaelekea wapi, yanazidi au yanapungua? Maumivu yanayozidi saa hata saa hayangojewi asubuhi. La nne: yamefuatana na nini? Homa kali, kutapika kusikokoma, damu, pumzi kukatika, jasho la baridi, kuzimia, kuchanganyikiwa au kiungo kufa ganzi, lolote kati ya hayo likiandamana na maumivu, jambo limekwisha kuwa la haraka. La tano: mtu huyu ameshindwa kufanya nini ambacho jana alikifanya? Askari aliyekuwa akikimbia na leo hawezi kunyoosha mgongo amekwisha kutoa taarifa yake, hata kama mdomo wake unasema hajambo.

Tena tuangalie kosa moja kubwa tulilo nalo watu wa sare. Sisi hupima maumivu kwa kelele. Anayepiga mayowe tunasema huyu anaumwa kweli, na aliyenyamaza tunasema huyu ana nafuu. Mwenye jiwe la figo hujiviringisha sakafuni na kupiga kelele, na kwa kawaida akitibiwa hupona. Mwenye utumbo uliotoboka hulala kimya kama gogo, kwa sababu kila akijitikisa huungua ndani. Kati ya hao wawili, aliye karibu na kaburi ni yule aliyenyamaza.

KUTOKA KICHWANI HADI MIGUUNI

Kichwa. Kuumwa kichwa ni jambo la kila siku. Lakini kichwa kilichopasuka kwa maumivu ghafla kama radi, kuliko vyote ambavyo mtu amepata kuumwa maishani, ni cha hospitali mara moja. Vivyo hivyo kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, kwani hiyo huenda ni homa ya uti wa mgongo. Askari aliyepigwa kichwani au aliyeanguka pikipiki, kisha akaanza kusinzia na kutapika, asiachwe alale eti apumzike. Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi, hata kama hakuna maumivu yoyote. Na katika matembezi ya jua kali, mwenye kuumwa kichwa kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mwili ukiwa moto, avuliwe sare, amwagiwe maji na kupepewa hapo hapo, huku gari likitafutwa.

Malaria nayo tumeizoea mno. Malaria ya kichwa na viungo hutibiwa kwa vidonge katika zahanati baada ya kupimwa damu. Lakini mgonjwa akichanganyikiwa, akishikwa na degedege, macho yakiwa ya manjano au akashindwa kuketi, huyo anahitaji sindano ya artesunate bila kukawia. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika na kutangazwa mwaka 2010, Mbarara ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulithibitisha kwamba dawa hiyo huokoa watoto wengi kuliko kwinini.

Kifua. Maumivu mazito katikati ya kifua, kama mtu aliyekaliwa na gunia, yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, yakifuatana na jasho la baridi na kichefuchefu, ni kilio cha moyo. Yasipokoma katika dakika chache, gari na liwashwe. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu makali, akaona uchovu na pumzi fupi tu. Kichomi chenye homa na pumzi za harakaharaka nacho si cha kukandwa kwa maji ya moto.

Tumbo. Tumeshalizungumza. Tuongeze kwamba tumbo lililojaa na kuwamba, likafungika choo na hewa pamoja, huenda utumbo umejisokota. Mwenye ngiri iliyokuwa ikirudi ndani, kisha siku moja ikagoma kurudi, ikawa ngumu na yenye maumivu, asiisukume kwa nguvu. Aende kwa mpasuaji.

Sehemu za siri. Hapa vijana wetu hufa na aibu yao, au hupoteza kiungo kwa ajili yake. Korodani moja ikianza kuuma ghafla, mara nyingi pamoja na kutapika, yawezekana imejisokota na kukatiwa damu yake. Ikifikishwa kwa mpasuaji ndani ya saa 6, aghalabu huokoka. Ikilazwa mpaka kesho ili mtu asichekwe, mara nyingi hutolewa. Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humfichua.

Mgongo. Mgongo wa askari huuma kwa mzigo, na hupona kwa mapumziko. Lakini ukiuma huku miguu ikilegea, mapaja yakifa ganzi kwa ndani, au mkojo ukagoma kutoka, huo ni uti wa mgongo unaobanwa.

Mguu na mkono. Mguu uliovunjika au kubanwa na gari, ukauma kupita kiasi cha jeraha lenyewe, ukawa mgumu kwa kuguswa, na maumivu yakapanda mtu mwingine anapovinyoosha vidole vyake, damu haizunguki ndani ya misuli. Bendeji ilegezwe, na mgonjwa apelekwe kwa saa, si kwa siku. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe kisitikisike, avuliwe pete na saa, naye abebwe asitembee.

MAUMIVU YA MWENZIO LANGONI

Mpaka hapa tumesema juu ya maumivu yetu wenyewe. Lakini askari polisi aliye zamu ya usiku kwenye kizuizi cha barabara, katika mahali kama Nakivale, ana dhamana nyingine. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa serikali kukutana na mgonjwa.

Natuwaze: ni saa 8 za usiku. Bodaboda inakuja, imebeba watu wawili na mwanamke katikati yao. Mwanamke amelegea. Mumewe anaeleza kwa Kiswahili cha Kongo kwamba tumbo linamluma mke wake tangu jioni. Mnyarwanda angetumia neno kubabara, Msomali xanuun, na mwenyeji Mnyankole angesema okushaasha. Maneno ni mengi, mwili ni mmoja. Askari anaweza kuanza na vitambulisho, au anaweza kuanza na maswali yetu matano.

Akiuliza, huenda akaambiwa kwamba mama huyu hajaona siku zake kwa wiki kadhaa, kwamba maumivu yalianza upande mmoja chini ya tumbo, kwamba amezimia mara moja, na sasa, ajabu, bega nalo linamuuma. Bega halina ugonjwa wowote. Ni damu iliyomwagika tumboni na kupanda hadi chini ya mapafu, ikiugusa mshipa wa fahamu unaohisiwa begani. Mimba imetunga nje ya mji wa mimba na imepasuka. Mama huyu anakufa ndani kwa ndani pasipo tone la damu kuonekana kwenye nguo. Dakika 20 za kukagua karatasi huenda ndizo alizokuwa amebakiza.

Mama mwenye mimba kubwa anayelalamika kichwa kikali na macho kuona giza, au maumivu yasiyoachia tumboni, au damu, naye apishwe njia. Karatasi zitakaguliwa akirudi na mtoto mgongoni.

NGAZI NA SAA

Askari ajue pia ampeleke mgonjwa wapi. Nchini Uganda huduma za afya zimepangwa kwa ngazi. Kijijini wapo wahudumu wa kujitolea wa timu ya afya ya kijiji. Juu yao kuna vituo vya daraja la pili na la tatu, vyenye waganga wasaidizi, wauguzi na wakunga. Kituo cha daraja la nne ndicho kinachopaswa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Juu ya hivyo vyote, kwa eneo letu, ni Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo pia ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichofunguliwa mwaka 1989. Ngazi hizi zina maana yake. Kituo cha karibu kitampima mgonjwa, kitamwekea maji mshipani, kitampa dawa ya kwanza na kuita gari. Lakini mgonjwa wa kupasuliwa akishatambuliwa, kila ngazi anayokalishwa bila sababu inakula saa zake.

Katika kungoja gari, mwenye tumbo la namna tuliyoeleza asipewe chakula, wala dawa ya kuharisha, wala asikandwe. Na asitafutiwe sindano ya kutuliza maumivu kwenye duka la dawa kisha akaambiwa alale. Daktari aliyekwisha kumpima mgonjwa hutuliza maumivu yake, na hilo ni jambo jema. Ubaya ni kumnyamazisha mlinzi kabla hajasema alichokiona. Tena mwenzake mmoja aandike katika karatasi: maumivu yalianza saa ngapi, yalikuwa wapi, yakahamia wapi, ametapika mara ngapi, amekula nini na saa ngapi. Karatasi hiyo humsaidia mpasuaji kuliko maelezo ya mtu anayehema.

KWA WENYE VYEO

Mwisho tunasema na wenzetu wenye vyeo, maana kosa tulilolisimulia halikuwa la kijana yule. Yeye alifanya alichofundishwa. Tunajua wapo wavivu wanaoumwa kila siku ya gwaride, na kila koplo anawajua kwa majina. Lakini mvivu mmoja akituponyoka tumepoteza zamu moja ya lindo. Mgonjwa mmoja akituponyoka tumempoteza mtu. Hesabu hiyo si ngumu.

Tangu siku ile, kila tunapopokea askari wapya, baada ya kuwafunza kuvumilia tunawafunza sentensi fupi ya pili: "Afande, ninaumwa, na yanazidi." Tunawaamuru waitamke kwa sauti, wote pamoja, kama wanavyotamka kiapo. Mara ya kwanza huwa wanacheka. Yule kijana wa Nakivale, ambaye sasa ni sajini mwenye kovu refu tumboni, ndiye anayesimama mbele yao kuwafundisha, naye hacheki.